Diski ya Tatu Kutoka Kushoto

Kwa miezi minne niliandika kwenye daftari kwamba mashine ya Kilema, kule juu mlimani, ni nzima, na miezi hiyo yote ilikuwa inaumwa. Sikudanganya. Kila mwisho wa mwezi nilipiga simu, nikauliza, nikajibiwa, nikaandika nilichojibiwa. Nikikumbuka sasa nashindwa kuamua kama nilikuwa mvivu au mjinga, maana mvivu asingepiga simu kabisa.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika duka dogo Moshi mjini, enzi zile ambapo kila ofisi ilitaka kompyuta na karibu kila kompyuta ilikuwa imeshachoka Ulaya kabla haijafika kwetu. Ufundi nilijifunza kwa kozi ya miezi sita Dar es Salaam na kwa kuharibu vitu vya watu. Wazazi wangu walitoka Rungwe wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huku tambarare, kwa hiyo mimi ni mtoto wa joto na mbu. Mlimani nilipanda kikazi tu, nikarudi na mkungu wa ndizi wa kupewa. Tena nyumbani tulikuwa Wamoravian, na hilo nalitaja kwa sababu lina sehemu yake katika kosa lenyewe.

Mashine ilikuwa seva ya kuhifadhia, kasha zito la chuma ambalo upande wa mbele lilikuwa na diski nne zilizopangwa kwa safu, kila moja unaweza kuichomoa kama mtoto wa meza. Wageni waliofadhili mradi wa kuhifadhi simulizi za wazee ndio walioileta. Tuliifunga pamoja kwa siku mbili, wakaniachia diski moja ya akiba na kitabu cha maelekezo cha Kijerumani, wakaondoka. Ndani yake tulihifadhi sauti. Mwalimu mmoja mstaafu wa huko Kilema alikuwa ametembea miaka na redio kaseti begani, kihamba hadi kihamba, yaani kutoka shamba la migomba la ukoo mmoja hadi la mwingine, akiwarekodi wazee wakieleza habari za mifongo, ile mifereji ya zamani inayoteremsha maji kutoka msituni hadi migombani: nani alichimba upi, zamu za maji zilipangwaje, nani aligombana na nani. Wa mwisho aliyemrekodi ni mama yake mzazi, na yule bibi alifariki kabla ya Krismasi.

Sauti zilipokwisha kuhamishiwa kwenye seva, mwalimu aliwapa kwaya kaseti zake zote wazifute warekodie nyimbo. Ndivyo alivyokuwa, hakupenda kitu kikae bure. Mimi nilimwahidi kumtengenezea nakala kwenye CD, na nilikuwa bado naendelea kumwahidi. Kwa hiyo sauti ya mama yake ilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kasha lile, na sote tulilijua hilo bila yeyote kukosa usingizi.

Aliyekaa na mashine kila siku ni katibu muhtasi wa ofisi ya mradi huko Kilema, mwanamke wa umri wa mama yangu. Alikuwa mmoja wa akina mama wanaofua na kupiga pasi vitambaa vya altare parokiani, na ofisi aliitunza vivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, printa chake, simu chake. Mwaka ule nilikuwa na mtoto mchanga, na barabara ya Kilema wakati wa masika haina adabu, basi badala ya kupanda nikawa napiga simu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mtoto, za mume, za wazazi, halafu nikauliza mashine inaendeleaje.

"Taa yake inawaka, mwanangu," alinijibu. "Usiku na mchana. Naiangalia mwenyewe."

Nikaandika: nzima. Haikunijia kuuliza taa ipi.

Mwezi wa sita, asubuhi moja, mwalimu akapiga simu dukani. Alizoea kila Jumatatu kwenda ofisini kumsikiliza mama yake kidogo, na siku hiyo mama alikuwa anakwama. Anasema maneno mawili, ananyamaza, anaendelea, kama mtu mwenye kwikwi. Aliniuliza kama mashine inaweza kupatwa na baridi. Nilimwambia haiwezi, ingawa sikuwa na hakika, nikamwachia mama mkwe mtoto, nikapanda gari la Kilema na mkoba wa bisibisi.

Ilikuwa ile baridi ya Juni ambapo ukungu unakaa juu ya migomba mchana kutwa. Ofisini niliwakuta wote wawili, mwalimu na mama wa ofisi. Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kuanzia juu hadi chini mbele, na kitambaa hicho, kwa ustadi kabisa, kilikuwa kimeachwa tundu dogo la duara lililozungushiwa uzi. Kupitia tundu hilo taa moja nyekundu ilikuwa inatazama nje.

Mama wa ofisi akanionyesha kwa mkono wote, kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima. Akasema tangu ilipoanza kuwaka haijazimika hata dakika moja. Umeme wa mlimani ukikatika, betri ya akiba inaishika, na yeye hukaa hapo hapo kuilinda mpaka umeme urudi.

Nikaondoa kitambaa. Taa zilikuwa nne. Ya kwanza kutoka kushoto, ya pili na ya nne zilikuwa za kijani, zinapepesa. Ya tatu ilikuwa nyekundu, imetulia tuli.

Hapa inabidi nieleze jinsi diski zile zilivyokuwa zinafanya kazi, ili mtu aelewe kwa nini sikuichomoa papo hapo. Mlimani, kabla magari hayajafika kila mahali, mgonjwa aliteremshwa kwa machela na watu wanne. Mmoja akiteleza, watatu watayumba lakini mgonjwa hataanguka. Wakiteleza wawili, basi tena. Seva ile iligawa mzigo wake hivyo hivyo. Diski moja ikifa, tatu zinaendelea kubeba, na unaweza kuichomoa iliyokufa mashine ikiwa inawaka, ukachomeka nyingine. Lakini ukikosea ukachomoa nzima wakati tayari kuna iliyokufa, sauti zote za wazee zinakwenda.

Nilijua nyekundu ni mbaya. Hilo nililijua tangu siku tulipoifunga. Nikafungua kompyuta nipate uhakika, na programu ikaandika kwamba diski namba 2 imekufa. Nikahesabu kutoka kushoto: moja, mbili. Ya pili ilikuwa ya kijani, inapepesa kwa furaha zake. Nikahesabu kutoka kulia: ya pili kutoka kulia ndiyo ile nyekundu. Nikajiuliza kama Wajerumani wanahesabu kutoka kulia. Nikakumbuka nilibandika karatasi zenye namba kwenye diski kwa mkono wangu mwenyewe, nikainama kuzisoma. Zilisomeka mbili, moja, nne, tatu.

Nikakaa chini. Programu ilisema mbili, na kwa hesabu yangu hiyo ni ya pili. Karatasi iliyoandikwa mbili ilikuwa kwenye ya kwanza. Taa nyekundu ilikuwa kwenye ya tatu. Mashahidi watatu, wafu watatu, na mimi natakiwa kuzika mmoja.

Nikauliza kama kuna mtu amezigusa. Mama wa ofisi akasema ndiyo, yeye, na alisema bila wasiwasi wowote. Kabla ya Krismasi kila mtu mlimani anafanya usafi, watoto wanakuja kutoka kila kona ya nchi, nyumba zinapakwa chokaa, hata kaburi linafagiliwa. Akaona aibu mashine ikae na vumbi. Akaizima kama nilivyomfundisha, akavuta vile vitoto vya meza vinne, akavifuta kwa kitambaa kikavu, akavirudisha. Kwa mpangilio gani? Hilo hakulikumbuka, lakini vyote viliingia vizuri. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana kweli vilikuwa safi kuliko kitu chochote dukani kwetu.

Kwa hiyo namba zangu za karatasi zilikuwa takataka. Zilibaki programu na taa. Nikaona bora niamini taa, nikapeleka mkono kwenye ya tatu, na mama wa ofisi akanishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu, ila alinishika.

"Hiyo usiiguse, mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo yenye uhai."

Ningemcheka kama angekuwa mtu mwingine. Lakini mimi nilikuwa mgeni wa mashine ile na yeye ndiye mwenyeji wake. Yeye alikuwa ameisikia ikiunguruma miezi yote niliyokuwa nanyonyesha nikaandika nzima, nzima. Nikafikiri labda ameona kitu. Labda ya kijani ilikuwa nyekundu jana. Labda taa zenyewe zilichanganyika siku ya usafi, kama karatasi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa ukungu kama huo wa nje, na nikamuuliza amejuaje.

Akanitazama kwa mshangao, kisha akamtazama mwalimu, kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi. Mwalimu ndiye aliyenieleza, kwa upole wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Kanisani kwao, kando ya tabernakulo, kile kisanduku kinachohifadhi Ekaristi, kuna taa nyekundu inayowaka muda wote. Inaonyesha kwamba Bwana yumo. Mama huyu ni miongoni mwa wanaoitunza. Ikiwaka kwa utulivu, kila kitu kiko sawa. Ikipepesa, mafuta yanakaribia kwisha. Ikizimika, msakristia anaitwa mbio.

Basi akaelewa mashine hivyo. Taa nyekundu iliwaka yenyewe mwanzoni mwa Kwaresma, akaipokea kama habari njema. Zile za kijani zinazopepesa ndizo zilizokuwa zinamtia mashaka, na alipanga kunieleza siku nitakayopanda. Alinisimulia hayo huku bado amenishika mkono, na nilihisi kicheko, hasira na aibu vinagombania mlango mmoja. Kanisani kwetu taa hiyo haipo. Miezi minne mwanamke mwaminifu ananiarifu kila mwezi kwamba diski imekufa, na mimi ninamshukuru.

Mwalimu hakuwa anacheka. Alivua kofia yake ya sufi, akaishika mapajani.

"Ukikosea itakuwaje?" aliniuliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba nikikosea tutawapoteza wote, na mama yake pia.

Mama wa ofisi akaachia mkono wangu, na sikujua kama ni kwa kuniamini au kwa kuogopa. Hata mimi sikuwa najiamini. Sasa nilikuwa na sababu ya kudharau ushauri wake, lakini programu bado ilisema mbili na taa bado ilikuwa ya tatu. Siku nyingi baadaye ndipo fundi mwenzangu wa Arusha aliponieleza kwamba mashine zile zinaanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo mbili yao ni tatu yetu, na nikatamani kulia. Siku ile sikujua. Kitabu cha Kijerumani nilikigeuza kurasa zote nikaambulia picha.

Kilichonisaidia ni neno la mama wa ofisi mwenyewe, lile la kupepesa. Nikajiuliza zile za kijani zinapepesa kwa nini. Zinapepesa zikisoma. Basi tukiipa mashine kazi ya kusoma, iliyo hai itapepesa zaidi, na iliyokufa haitakuwa na la kufanya. Nikamwomba mwalimu afungue sauti yoyote ndefu. Zilikuwapo nyingi. Akafungua ya mama yake, nadhani mkono ulikwenda wenyewe.

Bibi akaanza kuongea Kichagga, sauti nyembamba lakini yenye amri. Tukapiga magoti watatu mbele ya kasha, pua zetu karibu kuligusa. Bibi akisema, taa ya kwanza, ya pili na ya nne zinapepesa mbio mbio. Akikwama, moja inabaki inawaka kwa muda kidogo, kisha zote zinaendelea. Ile nyekundu haikutikisika. Tulirudia mara tatu, maana sikutaka kuamini kitu kwa mara moja tena, na mara zote tatu ilikaa vilevile.

"Kumbe anayehangaika ndiye mzima," mama wa ofisi alisema taratibu.

Akainuka akaenda kabatini. Diski ya akiba alikuwa ameiweka ndani ya kitenge kipya, na kipande cha sabuni ya kunukia kando yake, ili isipate harufu ya panya. Aliniletea kwa mikono miwili. Nikasema moyoni sala fupi ya kwetu, nikavuta ya tatu. Taa nyekundu ikazimika, na nikamwona mama wa ofisi anafanya ishara ya msalaba. Zile za kijani zikaendelea. Nikachomeka mpya, ikaunguruma, ikawa ya njano, halafu ikaanza kupepesa kijani pamoja na wenzake.

Kazi haikuwa imekwisha. Ilibidi zile tatu za zamani zisomwe zote, mwanzo hadi mwisho, ili mpya ijazwe sehemu yake, na kwa saa hizo mzigo bado ulikuwa mabegani mwa watu watatu. Kwenye kioo cha kompyuta asilimia zilikuwa zinapanda moja moja. Mama wa ofisi akatuletea mtori wa ndizi kutoka kwake, tukanywa tukiwa tumekodoa macho. Mwalimu akaniomba amsikilize mama yake mara moja, asije akaondoka bila kuagana naye. Nikamkatalia. Nilimwambia kila tunapomfungua tunazichosha diski zilizobaki, na nikasema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Alikubali, akavaa kofia yake tena.

Baada ya nusu kupita, mstari mmoja ukatokea kwenye kioo. Ulisema kuna mahali kwenye mojawapo ya zile tatu pameshindwa kusomeka, na kwamba mashine imeruka hapo. Mahali pamoja padogo. Asilimia zikaendelea kupanda kana kwamba hakuna lililotokea. Sikuwaambia. Nilijua mahali hapo ni pa nani, au nilihofia kujua, maana asubuhi ni bibi peke yake aliyekuwa anakwama.

Alasiri ikafika mia. Taa zote nne zilikuwa za kijani. Nikamwambia mwalimu sasa anaweza, akavuta kiti akaketi kwa kunyooka, kama mtu aliye mbele ya mzazi. Bibi akaongea bila kwikwi hata moja. Mama wa ofisi alikuwa ananitafsiria kwa kunong'ona: anasimulia mwaka maji yalipokatika, wakapanda watu wa ukoo wote hadi msituni kufungua mfongo, naye alikwenda na mtoto mgongoni. Alifika mahali pa kumtuliza yule mtoto. Hapo ikawa kimya, sekunde nne, labda tano. Kisha akaendelea kuhusu mawe na jembe.

Mwalimu akarudisha nyuma. Ikawa kimya pale pale. Akarudisha tena.

Nikamwambia kosa ni langu. Niliandika nzima bila kuuliza. Kama ningepanda Machi labda pale pangesomeka, na kama nisingemfungua bibi mara tatu ili kutazama taa, labda pia pangesomeka, na mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo lililoharibu mahali pale. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Mama wa ofisi akasema kosa ni lake, tukawa tunanyang'anyana kosa mbele ya mwenye msiba.

Mwalimu alikuwa bado anatazama spika.

"Hapo alikuwa ananiita," alisema. "Lile jina langu la utotoni. Alilokuwa ananibembelezea."

Nikamuuliza nani mwingine analijua. Akafikiri, akasema wote waliolijua wamekwisha kuzikwa, mama alikuwa wa mwisho.

Mimi ni fundi, na fundi akiona tundu anatafuta kiraka. Nikatoa maikrofoni mkobani, nikaichomeka, nikamweleza kwamba akilitaja sasa hivi naweza kulikata na kulipachika pale pale, lisipotee. Aliichukua. Aliisogeza mdomoni, akavuta pumzi, midomo ikafunguka. Mama wa ofisi aliinamisha kichwa. Tukasubiri hadi nikadhani amelisema kwa sauti ya chini nikalikosa.

Akaiweka maikrofoni mezani.

"Mtu hajiiti mwenyewe, binti," alisema.

Akarudisha sauti nyuma kidogo, akamsikiliza mama yake hadi pale penye ukimya na kuendelea, na mimi nikaanza kukunja nyaya zangu.